Maneno Mawili kwenye Mstari Mmoja

Barthélemy alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha shaba miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumwona akifuta mstari wa mwenzake. Pale kiwandani kulikuwa na daftari nene la zamu. Anayetoka humwandikia anayeingia: pampu ya pili inavuja, usifungue bomba la asidi kabla ya saa nne, tanki la tatu lioshwe. Anayeingia husoma yote, kuanzia juu. Akiwa na lake, analiandika chini, na kuweka tarehe. La mwenzake halikatwi kalamu. Na kama mistari miwili inagombana, mmoja unasema fungua na mwingine unasema funga, basi hugusi kitu. Unamwita mkuu wa zamu, mnainama wote wawili juu ya daftari mpaka ijulikane lipi ni lipi. Waliozoea kufuta ya wenzao Barthélemy aliwajua kwa majina, na mmoja wao alitoka pale bila ngozi ya mkono.

Sehemu yake ya kiwanda ilipofungwa, alikaa nyumbani miezi minane. Aliamka saa kumi na moja kama zamani, akavaa viatu, kisha akakosa pa kuvipeleka. Mkewe Madeleine alimtuma hata chumvi ambayo haijaisha, ili tu apate njia ya kwenda.

Aliyemtoa humo ni Orpa, binti wa dada yake. Orpa alisoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, akarudi Likasi na kufungua ofisi ya vyumba viwili karibu na soko. Alikuwa anatengeneza programu za mashule, za maduka ya dawa, za yeyote aliyechoka na makaratasi. Alimwambia mjomba wake kwamba vijana aliowajaribu walikuwa na akili, lakini walikuwa na mbio. Yeye anatafuta mtu asiye na mbio.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Orpa huandika programu vipande vipande. Lazima mtu aviunge vipande hivyo viwe kitu kimoja kinachoweza kupelekwa kwa mteja. Kuunga ni kuandika amri moja kwenye dirisha jeusi la kompyuta, halafu chombo cha kuunga kinafanya mengine. Kwenye amri hiyo huwekwa machaguo, yaani maneno yanayoanza na vistari viwili, ya kukieleza chombo kifanye kwa namna gani. Orpa alimwandikia mjomba wake mstari wa kuanzia na kuuhifadhi kwenye faili, ili asiuandike upya kila siku:

assembler kilo --avec-essais

Maana yake, unga programu ya kilo, pamoja na majaribio. Majaribio hayo aliyaandika Mama Reine, mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye meza ya dirishani, mwenye kusema kidogo na kukohoa kabla ya kusema. Yalikuwa maswali zaidi ya mia mbili ambayo programu huulizwa kabla haijatoka mlangoni. Ikikosea hata moja, maandishi mekundu yanatokea na hakuna kinachofungwa.

Programu ya kilo ilikuwa ya kituo cha afya cha mtaa. Sisi akina mama wa Likasi tukisema tunaenda ku kilo, ni ile siku ya kupima watoto: unamvua mtoto nguo, anawekwa kwenye mizani akilia, unapewa karatasi. Karatasi hiyo mama anaisoma njia nzima. Ikisema mtoto ameongezeka, hata jua halichomi.

Barthélemy aliifanya kazi yake kama alivyofanya ile ya asidi. Alisoma mstari kwa kidole, herufi kwa herufi, kabla ya kugonga.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Siku moja umeme ulikatika tangu asubuhi, na betri ya kompyuta ilikuwa imebakiwa na dakika ishirini. Majaribio ya Mama Reine yanakula nusu saa. Orpa alitaka nakala ya kumwonyesha mteja tu, si ya kutumia, akamwambia mjomba wake aiunge bila majaribio. Chaguo lake ni --sans-essais. Barthélemy akafungua faili. Akalikuta neno la Orpa limekaa mahali pake. Orpa ni mtoto kwake, lakini kazini ndiye mkuu, na neno la mkuu wa zamu halifutwi. Akaandika la siku hiyo mwishoni, nyuma ya lile la kwanza, akahifadhi:

assembler kilo --avec-essais --sans-essais

Alipogonga alitazamia chombo kigome. Mstari mmoja unasema jaribu na usijaribu. Mtu yeyote mwenye macho angeuliza. Chombo hakikuuliza. Hakikugoma wala kukohoa. Kilikuwa kimetengenezwa kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, na maneno mawili yakisema juu ya jambo moja, kinashika la mwisho na kuliacha la kwanza, kimya kimya. Kazi ikaisha kwa dakika nne, maandishi ya kijani. Barthélemy akaona kumbe kiko na akili kuliko alivyodhani: kimesoma yote na kujua la leo ni lipi.

Wiki mbili zikapita. Orpa akabadilisha sehemu ya kuchapa karatasi za watoto, akampa mjomba wake aunge, akasema hii ni ya kituo chenyewe, iende na majaribio yote. Mama Reine siku hiyo alikuwa kwenye kilio, yaani msiba wa jirani yake. Barthélemy akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari. Akaliona --avec-essais, roho ikatulia. Na lile la mwisho aliliona pia. Aibu yake yote ilikuja kukaa hapo baadaye, kwamba aliliona. Alijiambia lile lilikuwa la siku ya umeme kukatika, siku hiyo imepita, na mashine inajua imepita. Kiwandani kila mstari una tarehe. Hakukumbuka kwamba huku hakuna aliyeandika tarehe.

Ikaisha kwa dakika nne. Akashangaa kidogo. Akasema moyoni, leo umeme ni mzuri.

Jumatano iliyofuata, Hélène alirudi kutoka ku kilo akiwa amejifunika kitenge mpaka kichwani, na hakukuwa na mvua. Hélène ni mke wa Godefroid, mtoto wa Barthélemy anayefanya kazi Kolwezi na kurudi mwisho wa mwezi. Aliishi kwenye lupango, yaani ua, la wakwe zake na mtoto wake Éphraïm wa miezi tisa. Alimpa Madeleine karatasi. Mwezi uliopita, kwa mkono wa muuguzi, ilikuwa imeandikwa kilo nane na gramu mia sita. Sasa, kwa herufi nzuri za mashine: kilo 8. Na chini yake: mtoto amepungua. Muuguzi wa kugawa karatasi alikuwa amemwuliza mbele ya benchi zima kama nyumbani kwao wanakula.

Kwetu baba mkwe hasemi na mke wa mtoto wake mambo ya maziwa na uji. Barthélemy alilijua hilo. Kwa hiyo alisema na mkewe, sebuleni, lakini kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, huku ameshika karatasi na kuona uzuri wa herufi zilizotoka kwenye kazi ya mikono yake.

"Mu hii nyumba, Madeleine, mutoto hayalalaka na njala hata siku moya. Kama mama anakula yeye, anasahau mutoto, aseme."

Jikoni kijiko kilisimama ndani ya sufuria. Halafu kikaanza tena kukoroga, polepole.

Alhamisi asubuhi kituo cha afya kikapiga simu. Orpa alisikiliza amesimama. Watoto ishirini na watatu walikuwa wamepimwa, na karibu wote walikuwa wamepungua siku moja. Daktari alirudi kwenye daftari la yule aliyesoma mizani na kuona namba nyingine kabisa. Mtoto wa kilo nane na gramu mia tisa alichapiwa nane. Wa sita na mia saba alichapiwa sita. Programu mpya ilikuwa inakata kila kilichokuja baada ya mkato.

Orpa aliketi na kumgeukia Mama Reine. Kosa la kukata lilikuwa la Orpa mwenyewe, kwenye sehemu aliyoibadilisha, na alilikubali upesi. Kila anayeandika anakosea, alisema, ndiyo maana kuna majaribio. Je, jaribio la mkato liko wapi? Mama Reine akakohoa, akasema lipo, aliliandika mwezi wa nane. Basi Orpa akamwomba mjomba wake aunge tena, programu ileile, waone wote.

Barthélemy akafungua faili. Akaweka kidole kwenye mstari kama kawaida, na safari hii kidole kikafika mwisho, kikakaa.

Maneno mawili. Moja linasema jaribu, moja linasema usijaribu, na aliyeyaketisha pamoja ni yeye. Zile dakika nne alizielewa zote kwa mara moja. Masikio yakawaka moto kama ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Orpa alikuwa nyuma yake anatafuta namba ya daktari kwenye simu. Mama Reine alikuwa anasubiri, mikono juu ya mapaja.

Akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka thelathini na moja. Akagonga kitufe cha kufuta, herufi moja moja, mpaka neno la mwisho likaisha, kana kwamba halijawahi kuandikwa. Halafu akagonga amri.

Nusu saa nzima walikaa. Maandishi mekundu yakatokea: jaribio la mkato, ilitakiwa 8,9, imetoka 8.

Mama Reine alicheka kwa furaha, kifupi, akayaonyesha kwa kidole. Lakini Orpa hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba kama leo jaribio limekamata, na juzi halikukamata, basi juzi halikuwepo. Liliandikwa wiki hii, baada ya kosa. Mama Reine akasema hapana, ni mwezi wa nane.

"Mama Reine," Orpa akasema, "mashini haisemaka bongo. Bantu njo banasema bongo."

Bongo, kwetu, ni uongo. Kilichomwumiza Barthélemy zaidi si kwamba Mama Reine alijitetea, bali kwamba aliacha kujitetea. Alianza kuhesabu kwa vidole, mwezi wa nane, mwezi wa tisa, kisha akasema taratibu kwamba pengine ni yeye aliyesahau kuhifadhi. Akilini mwake alikuwa ameanza kuiona siku ambayo haikuwepo, siku aliyosahau. Orpa akaamua kesho Ijumaa mama wote waitwe kituoni warudishiwe karatasi zilizo sawa, na Mama Reine atasimama mbele yao aombe msamaha, kwa kuwa majaribio ni yake. Kuhusu kuendelea na kazi, wataongea wiki ijayo.

Barthélemy alijiambia atasema Orpa akimaliza simu. Orpa akamaliza simu. Akajiambia atasema Mama Reine akitoka, ili asimwaibishe Orpa mbele ya mfanyakazi. Mama Reine akatoka, na Orpa akatoka naye. Akabaki na kompyuta na kioo chake chekundu.

Jioni alikuta Hélène ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani, anamlisha uji. Mtoto alikuwa ameshiba, anageuza kichwa huku na huku, mama anakifuata na kijiko. Akatapika. Hélène akamfuta, akachota tena. Madeleine alimnong'oneza mumewe kwamba tangu jana yule binti hajaonja bukari, ugali wetu; anasema hana haki ya kula mpaka mtoto arudishe kilo. Barthélemy alisimama mlangoni, viatu miguuni. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingemtaka aseme pia la jana, na la leo la kufuta, na alipoyaweka yote matatu kwenye ulimi, hakuna lililopita. Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Ijumaa benchi za kituo zilijaa. Hélène alikuwa benchi la tatu. Orpa alieleza kwa ufupi kwamba karatasi zilikosea na watoto hawakupungua, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Kisha akasema kuna mtu wa ofisi yake atakayewaeleza ilikuwaje. Mama Reine akasimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Akakohoa.

"Mama Reine, ukae," Barthélemy akasema.

Hakukaa, kwa sababu hakuelewa. Barthélemy ilibidi apite mbele yake, na akina mama wote wakamtazama, mzee wa shati lililofungwa mpaka shingoni.

"Bamama, minye njo niliandika ile neno. Ku mashini kulikuwa maneno mbili, moya inasema ijaribu, moya inasema isijaribu. Niliona yote mbili, nikaacha. Jana nilifuta moya, sikuambia muntu, nikaangalia banamusema Mama Reine. Yeye haiko na kosa. Aliandika jaribio yake mwezi wa nane, minye njo niliizimisha. Na kwangu ku nyumba nilisema mubaya juu ya mama moya. Mutoto wake alikuwa muzima."

Hakutaja jina. Hélène aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa nywele za mtoto.

Halafu mama mmoja wa mapacha, mnene, mwenye sauti ya sokoni, akauliza:

"Papa, kumbe weye njo ulikula ma-gramu ya batoto yetu? Na vile uko mukondefu, ilienda wapi?"

Benchi zima likacheka. Barthélemy angependa wamtukane. Tusi mtu analipokea, analipeleka nyumbani. Kicheko kile kilikuwa cha kumsamehe, na hakuwa amefika mahali pa kukipokea.

Orpa alimfuata mpaka kwenye ukuta wa nje. Hakupandisha sauti.

"Juu ya nini uliacha niseme vile ku Mama Reine, mujomba? Minye nilimuita muntu wa bongo."

Barthélemy alisema tu kwamba amtoe kazini. Orpa akasema hilo wataliona, kwanza kuna mambo. Akamwacha, akaenda kumshika Mama Reine mikono miwili mbele ya wauguzi, akamwomba msamaha, na akarudia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza alilia katikati. Mama Reine alimkubalia. Kwa Barthélemy alikuja baadaye, mkoba begani, akiwa tayari kuondoka.

"Jana ulikuwa unaniangalia, Papa Barthélemy," akasema. "Nilikuona. Nilizania unanihurumia."

Mchana ule Orpa alikaa kwenye chombo cha kuunga na kukifundisha jambo jipya: maneno hayo mawili yakikutana kwenye mstari mmoja, kisimame, kiseme yanapingana, na kikatae kufanya chochote mpaka mtu achague. Ilimchukua chini ya saa moja. Barthélemy akauliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Orpa, bila kugeuka, akasema hakudhani kama kuna mtu angeyaandika yote mawili. Aliona kila mtu angefuta. Basi wakakaa wote wawili, kila mmoja na lake.

Kumtoa kazini hakumtoa. Alimpa karatasi sita za watoto ambao mama zao hawakufika Ijumaa, awapelekee mwenyewe. Watano aliwapata Jumamosi mtaani, kwa miguu. Mbele ya kila mlango alisema yaleyale, na kila mara yalikuwa mazito upya. Mama wa sita, Jaël, jirani zake walisema alirudi kwa mama yake Buluo, nje ya mji, siku ileile ya kilo; mumewe alisoma karatasi na kumwambia ampeleke mtoto kwa wanaojua kulea.

Barthélemy aliazima baiskeli. Jumapili baada ya misa alikwenda Buluo, akauliza nyumba kwa nyumba, akamkuta Jaël anatwanga, mtoto mgongoni, msichana wa miaka kama ishirini. Alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili, akasema yote. Safari hii aliongeza ambalo kwingine hakulazimika kulisema: kwamba atakwenda pia kwa mumewe, leo hii, akitaka.

Jaël alimshusha mtoto mgongoni, akamketisha kwenye nyonga. Akasoma karatasi mpya: kilo sita na gramu mia saba. Akaisoma tena.

"Nilijua," akasema. "Minye njo namubebaka. Nilijua iko naongezeka. Lakini karatasi ilisema, na minye sikusoma sana, nikakubali karatasi."

Barthélemy akashindwa kuinua macho. Jaël alimwelekeza nyumba ya mumewe ilipo, karibu na pampu ya maji, mlango wa bluu, akamwambia awahi kabla hajatoka kwenda kwa rafiki zake. Kisha akamchotea maji kwenye kikombe cha plastiki, maana ametoka mbali. Alikunywa amesimama, baiskeli ikiwa imemwegemea kiunoni, akarudisha kikombe, akageuza njia kuelekea mjini, akikanyaga kwa nguvu ili amkute yule mume bado yupo.